Mabaya ya Warigia

Kati ya mwaka wa sitini na sita na mwaka wa themanini, watu wa Nyeri waliokuwa na simu walimjua Warigia wa Ngatia bila kumwona. Alikuwa mpokeaji simu katika Hoteli ya Githima, iliyokuwa juu kidogo ya mji na ambayo siku hizi haipo. Alikaa katika kachumba kasikokuwa na dirisha, mbele ya ubao wa nyaya, na ukipiga simu pale saa mbili asubuhi ulisikia, "Githima, habari ya asubuhi," kwa sauti iliyokufanya uvute kiti ukae vizuri. Najua wanaume wawili waliokuwa wakipiga wakijifanya wanaulizia vyumba. Mmoja wao ni mimi, lakini nilikuwa kijana, na hayo yalikwisha.

Mimi ni mpiga taipu. Kwa miaka mingi meza yangu ilikuwa katika veranda ya duka la vitambaa, karibu na ofisi za serikali, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua ambazo hawakuweza au hawakuthubutu kuziandika wenyewe. Nilikuwa hodari, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia lilitokana na huo uhodari. Karani mbovu asingeliweza kulifanya.

Ugonjwa wa Warigia ulianza mwaka wa sabini na nane, wakati wa baridi ya Julai, akiwa na miaka thelathini na mitano. Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Kufika saa nane mchana kope zilianza kumshuka, kwanza moja, kisha nyingine, na nyaya za ubaoni akaziona mbilimbili. Kufika saa kumi sauti yake ilikuwa inatokea puani, maneno yanateleza, na mteja wa Nairobi anauliza kama kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye. Akipumzika saa moja, sauti inarudi. Akizungumza robo saa, inaondoka tena.

Sasa fikiria mwenyewe. Mwanamke asiye na mume, anafanya kazi katika jengo lenye baa, na kila jioni anatoka akiwa na macho yaliyolegea na ulimi mzito. Hakuna aliyehitaji kuambiwa jambo hilo linaitwaje. Warigia hakuwahi kuonja pombe maishani, alikuwa mshirika wa kanisa na mwimbaji wa kwaya, lakini mambo hayo yalifanya hadithi iwe tamu zaidi. Meneja alimwita mara mbili akamnusa. Mara ya tatu hakumnusa, alimwambia tu aende nyumbani apumzike, na mwezi uliofuata akaajiri msichana mwingine. Nilikasirika niliposikia, nikasema kuwa huo ni unyama. Baadaye nilikumbuka kuwa mimi pia nilikuwa nimewahi kumwona njiani jioni, nikavuka upande wa pili.

Kwa bahati, daktari mmoja kijana wa misheni alimtuma Nairobi. Huko walimdunga sindano, na dakika moja baadaye kope zikainuka kana kwamba mtu amevuta pazia, sauti ikarudi, na madaktari wanafunzi wakaitwa kutazama. Kisha dawa ya sindano ikaisha nguvu na kila kitu kikashuka tena. Alirudi na vidonge vya kumeza kila baada ya saa nne na karatasi yenye jina la ugonjwa kwa Kilatini. Walimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu kushindwa kuiamuru misuli, kwamba ni wa nadra sana, na kwamba katika mkoa wetu mzima hawakumjua mwingine mwenye nao. Vidonge vilisaidia kidogo. Kazi ya kukaa siku nzima akizungumza haikuwezekana tena, na kazi ya mikono ndiyo kabisa: akiinua mikono kujisuka nywele, inaanguka kabla ya msuko wa tatu.

Alikuwa akiishi na mama yake, Watiri, kwenye kipande cha shamba mteremkoni, nje kidogo ya mji. Baba alirudishwa kutoka kizuizini akiwa mahututi, akafa, wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, na Watiri alikuwa mmoja wa wale wanawake waliochimbishwa handaki kwa nguvu miaka ile. Sasa alikuwa amepita miaka sabini na mgongo wake ulikuwa umejikunja. Walikuwa na ng'ombe mmoja na mto ulikuwa chini kabisa, bondeni. Warigia alinieleza jambo hili akiwa ameinamisha kichwa, na haikuwa kwa sababu ya ugonjwa: mama yake ndiye aliyekuwa anachota maji. Aliamka kabla ya watu, akateremka na mtungi mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, akapanda nao gizani ili asionekane. Akionekana, watu wangeuliza binti yuko wapi.

"Mara moja tu kwa siku," Warigia aliniambia. "Namsikia akirudi. Lakini hata hiyo moja inaniua, karani."

Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa umepitisha bomba kubwa barabarani. Aliyelipa alivutiwa maji hadi uani kwake. Warigia alikuwa amekatwa mshahara kwa miaka kumi na minne kwa ajili ya ile akiba ya wafanyakazi, ambayo hupewi mpaka uzeeke, isipokuwa bodi ya madaktari iseme kwamba huwezi kufanya kazi tena. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake yote. Apate akiba yake, avute bomba, mama yake aache kuteremka mtoni.

Fomu ilitaka cheti cha hospitali, barua ya mwajiri wa zamani, na barua ya mtu wa heshima anayemjua mwombaji. Mtu wa heshima alikuwa Mzee Nderitu, mzee wa kanisa, aliyemshika Warigia mikononi siku ya ubatizo wake. Alikuja na Warigia verandani kwangu akiwa amevaa koti lake la Jumapili, akasema, "Wewe andika, mimi nitaweka sahihi. Andika vizuri."

Nikaandika vizuri. Nilikuwa nimeandika barua za watu wa heshima zaidi ya elfu moja, za kuomba kazi, za kuomba shule, za kuomba shamba, na barua hizo zote ni moja. Unasema mtu ni mwaminifu, ana adabu, anamcha Mungu, na kwamba ana bidii ya kazi. Kwa watu wa huku hilo la mwisho ndilo hasa. Unaweza kusema mtu ana hasira, au ana deni, au amewahi kufungwa, na bado akasalimiwa sokoni. Ukisema ni mvivu umemmaliza. Kwa hivyo vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Niliandika kwamba Warigia wa Ngatia ni mwanamke mwenye bidii isiyo na kifani. Kwamba huamka alfajiri, hulima, huchota maji, humlisha ng'ombe na kumtunza mama yake mzee. Na kwamba hata katika ugonjwa wake hajawahi kumtwisha mtu mwingine kazi yake. Mzee Nderitu aliposomewa alitoa kitambaa akapangusa macho. Warigia alinitazama nilipofika hapo pa kuchota maji. Nikamwambia, "Ungetaka niandike nini?" Akamsogezea Mzee Nderitu kalamu.

Bodi ilikuwa ya madaktari watatu, ikikutana katika jengo la serikali mara moja kila miezi mitatu. Warigia alijiandaa kama anavyojiandaa mtu wa kwetu anayeitwa na serikali. Usiku wa kuamkia bodi alilala mjini kwa binamu yake ili asichoke na njia. Alivaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, akameza kidonge chake kwa saa yake, akafika saa moja na nusu na kuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliingia saa mbili kamili. Waliona mwanamke nadhifu, macho yaliyofunguka vizuri, sauti ya simu. Walimwambia ainue mikono, akainua. Walimuuliza kama anaweza kupika, akasema ndiyo. Kulima? Ndiyo, kidogo. Kuchota maji? Ndiyo.

"Ulisema ndiyo?" nilimuuliza.

"Walikuwa wanauliza kwa heshima," akasema. "Na barua yako ilikuwa pale mezani. Ningesema hapana, Mzee Nderitu awe mwongo?"

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Bodi ilikuwa imesoma ushahidi wote, hasa barua ya mzee wa kanisa, na imeridhika kwamba mwombaji anaweza kufanya kazi. Alikuwa na ruhusa ya kukata rufani mara moja tu, akiwa na ushahidi mpya. Niliisoma barua hiyo mara tatu nikiwa nimesimama. Sikuwahi kuona barua yangu ikisomwa kwa makini namna hiyo, na sikuwahi kutamani kuila karatasi kama siku hiyo.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Nderitu kumwomba barua nyingine. Nilimkuta akipalilia kahawa yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka niandike ati Warigia hawezi kazi?"

"Hiyo ndiyo ukweli, mzee."

"Mimi nimezika baba yake. Sasa nizike na jina yake?" Akarudi kwenye magugu yake. "Ukiniambia nimuombee, nitamuombea. Hiyo ingine hapana."

Niliwaendea majirani wengine wanne. Wote walimpenda, na wote walikataa kwa sababu walimpenda. Mmoja, mama wa kwaya, aliniambia kwamba Warigia alikuwa mtu wa bidii kupita wote na kwamba anayesema vingine ana wivu, na akaniomba niliandike hilo. Nilirudi verandani nikiwa na hasira ya mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Upendo wa kijiji kizima haukuwa na faida hata ya senti moja.

Ni Warigia mwenyewe aliyelitaja jina. Alikuja asubuhi, akaketi, akasema, "Enda kwa Kabura."

Kabura alikuwa jirani wa ua kwa ua, muuzaji wa viazi na kabeji katika soko la Karatina, na ndiye aliyekuwa adui wa Warigia. Hawakusalimiana kwa miaka mitatu. Ile hadithi ya pombe ilikuwa na wasemaji wengi, lakini Kabura ndiye aliyeisema kwa sauti, akiwa kwake, uso umeelekezwa uani kwa akina Warigia. Alimwita mvivu mchana kweupe. Nilimuuliza Warigia kama amechanganyikiwa.

"Kabura ananiangalia," akasema. "Hawa wengine wananipenda tu, hawaniangalii. Kabura anajua saa yenye ninakaa chini."

Nilimpelekea ujumbe nikitarajia kufukuzwa. Kabura alikuja siku ya pili, siku isiyokuwa ya soko, akaketi kwenye kiti cha wateja akafungua vifungo vya sweta.

"Ati unataka mabaya ya Warigia."

"Nataka yale umeona kwa macho yako. Ni yeye amekutaja."

Aliitazama taipu yangu. Nadhani hilo la kutajwa halikumwingia vizuri. Kisha akasema, "Hiyo mashini yako iko na karatasi ya kutosha?"

Alisema kwa muda wa saa nzima. Saa tatu asubuhi Warigia analima, jembe kumi na tano au ishirini, Kabura alikuwa amezihesabu, halafu anaegemea mti. Saa tano amekaa. Akila anashika taya kwa mkono, anatafuna kama anasaidia mtu mwingine. Tangu mwaka juzi hajabeba kuni. Akianua nguo, anaanua mbili, anapumzika, anaanua moja, zingine zinanyeshewa. Barabarani anafunga jicho moja ndipo avuke. Jioni akiitwa anajibu kama mtu amejaza mdomo viazi. Nywele anafunga kitambaa kwa sababu hajui tena kujisuka, "na alikuwa anajua kusuka huyo, alikuwa anasuka hata mimi." Kila jambo lilitolewa kwa ubaya, na hakuna lililoongezwa chumvi. Nilipomaliza kupiga taipu niliulinganisha ushahidi wake na ile karatasi ya Nairobi. Daktari bingwa na Kabura walikuwa wameandika kitu kimoja, ila Kabura alikuwa ameandika zaidi.

"Iko ingine," alisema akiinuka. "Lakini hiyo si ya karatasi."

Safari hii nilimwombea Warigia nafasi ya mwisho ya siku. Nilimshauri pia asimeze kidonge cha mchana. Alinijibu kwamba alitaka akiba yake na hakutaka kuiba, akameza mbele yangu. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu, mimi nikiwa na faili, Warigia katikati, na Kabura mwisho wa benchi akiwa amegeuza magoti upande wa mlango. Saa tisa kope ya kushoto ilishuka. Saa kumi kasoro, tulipoitwa, ya kulia nayo ilikuwa imefuata, na Warigia aliingia akiwa ameinua kidevu juu ili aone njia chini ya kope zake.

Mwenyekiti alikuwa daktari mwenye umri, mtu wa magharibi, upande wa ziwa kubwa, na alionekana kuchoka na siku. Alisoma ushahidi wa Kabura. Akaurudia. Kisha akavua miwani.

"Wewe ni rafiki yake?"

"Hapana," Kabura akasema. "Mimi simpendi."

"Basi umekuja kwa nini?"

"Amesema nikuje niseme vitu yenye naonanga. Nikaona, kama ni yeye anataka, wacha nikuje."

Daktari wa kando, mwanamke kijana, alificha mdomo kwa kalamu. Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia Warigia ahesabu kwa sauti kutoka moja hadi hamsini. Kufika ishirini sauti ilikuwa puani. Kufika thelathini na tano sikuweza kutofautisha tarakimu, na nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Alimwinua mkono akaona unavyoanguka. Aliandika kitu. Nilianza kupumua.

Kisha akafunua faili akatoa barua yangu ile ya kwanza. Niliijua kwa mbali, kwa pambizo zake zilizonyooka.

"Hapa mzee wa kanisa anasema mwombaji huchota maji kutoka mtoni kila siku. Na wewe mwenyewe uliiambia bodi hivyo hivyo. Mtu huyu ninayemwona hawezi kupanda mlima na mtungi. Kwa hiyo mmoja wenu anasema uongo, na nikiweka sahihi nataka kujua ni nani. Maji huchota nani?"

"Mimi," Warigia alianza.

"Wacha uongo mbele ya daktari," Kabura akasema. Hakupaza sauti. "Ni mama yake anachota. Mama wa miaka sabini na kitu. Mara ine."

"Moja," Warigia akasema. Lilitoka kama pumzi, lakini tulilisikia.

"Ine. Wewe unasikia ile ya mwisho, kwa sababu hiyo anaweka mtungi jikoni. Hizo zingine anamwaga kwa pipa ya ng'ombe huko nyuma, pole pole, usiamke. Alikuambia ati mwenye kununua maziwa anatuma mfanyakazi alete maji ya ng'ombe? Hakuna mfanyakazi. Nalala hapo kando, najua. Akifika kwa ua yangu anaweka mtungi chini apumzike, halafu hawezi kuuinua tena peke yake. Mimi ndiye humtwika. Miaka mitatu natwika mama ya mtu mzigo, na yeye amelala. Alikuwa ananiambia, usiseme, watasema mtoto yangu ni mvivu." Akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama Warigia usoni. "Kwa hivyo nikasema mimi."

Kwa miaka mitatu sote tulidhani Kabura ana roho mbaya tu. Sikuwahi kufikiri kuwa hasira yake ilikuwa kwa ajili ya mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa bibi kizee aliyesimama kwenye ua wake gizani akiomba kutwikwa. Niliona aibu. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba Warigia hajawahi kumtwisha mtu kazi yake, na niliipenda sana sentensi hiyo.

"Ni kweli haya?" mwenyekiti akamuuliza Warigia.

Warigia alikuwa analia, na kwa kuwa kope zilikuwa zimefunga, machozi yalipita pembeni. Taya lilikuwa limelegea. Aliweka mkono wake chini ya kidevu, akalisukuma taya juu, akalishikilia hapo ili aweze kutamka.

"Sikujua," akasema. Akapumzika. Mwenyekiti akamsubiri. "Siwezi kuchota maji. Siwezi kulima. Siwezi kazi."

Sijui kama msomaji wa kwingine ataelewa lilivyo neno hilo kinywani mwa mwanamke wa Nyeri. Nimewasikia watu wakikiri wizi kwa sauti nyepesi kuliko ile. Mwenyekiti alichukua kalamu, na kabla hajaandika alimwambia Kabura kwamba angefaa kuwa muuguzi. Kabura alisema viazi vinamtosha.

Tulitoka pamoja watatu hadi kwenye njia panda. Njia ilipoanza kuteremka Kabura alipunguza mwendo, akampa Warigia kiwiko chake ashike, huku akitazama upande mwingine kama mtu anayengoja gari. Mimi niliwaaga hapo.

Barua ya kukubaliwa ilifika baada ya miezi miwili, na akiba yenyewe baada ya mitatu mingine. Katika miezi hiyo mitano Kabura alikuwa anachota safari mbili kati ya zile nne, tena mchana, akilalamika njia nzima kwa sauti ili kila mtu ajue anamchotea nani na kwa nini. Hadithi ya pombe ilikufa ndani ya wiki mbili. Mzee Nderitu hakuwahi kunisamehe kwa hilo neno "hawezi" lililotangazwa, na alipokutana na Warigia kanisani alimshika mkono kwa muda mrefu kana kwamba amefiwa.

Bomba lilivutwa mwaka wa themanini na mbili, mwezi wa pili, wakati wa kiangazi. Wiki hiyo nilikwenda kuwatembelea, asubuhi, saa ambayo Warigia angali na sauti. Mfereji ulikuwa uani, umechomekwa kwenye saruji ambayo haijakauka vizuri. Watiri alikuwa amekaa kwenye jiwe kando yake, mikono mitupu magotini, akitazama tu. Kwenye paji la uso wake palikuwa na bonde, mahali ambapo ukanda ulipita miaka yote ile, na ngozi ya hapo ilikuwa inang'aa.

Nilimuuliza Warigia kama alifurahi maji yalipofunguliwa.

Akasema alilia. Akasema alipiga magoti pale kwenye matope akamwomba mama yake msamaha, na mama yake akamuuliza msamaha wa nini. Akamwambia, wa zile safari nne.

"Akasema nini?"

Warigia alitazama alipokaa mama yake, kisha akanitazama.

"Akasema Kabura huchelewa kuamka. Zilikuwa tano."